Karani, Askari na Aliyeshika Kamba

Krismasi iliyopita mjukuu wangu Ndunge alilala na tonge la ugali mkononi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amefika mchana ule kutoka Nairobi, akaketi nasi kula, akaanza kutueleza habari za kazi zake tatu, maana siku hizi mtu mmoja ana kazi tatu, na kabla hajamaliza kueleza ya pili macho yakafumba. Tonge likabaki vidoleni. Baba zake wadogo wakacheka. Susu yake, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, hakucheka. Alilitoa lile tonge taratibu, akamlaza mtoto kwenye mkeka, kisha akaniangalia mimi. Nikajua anakumbuka nini, nikainamisha kichwa.

Ndiyo maana naandika haya, Ndunge, wewe na wenzako wa rika lako. Mimi sikusoma sana. Kazi yangu ya ujana ilikuwa kulimia watu kwa ng'ombe, huku Makueni, tangu vita vya Hitler vilipokwisha mpaka matrekta yalipoanza kuonekana. Mkisikia mzee wa plau anataka kuwashauri watu wa kompyuta mtacheka. Chekeni, lakini msiondoke.

Nilikuwa na maksai wawili. Mmoja aliitwa Askari. Alizaliwa nyumbani, kwa ng'ombe wa mama yangu, na marehemu baba ndiye aliyemfundisha kuvaa nira. Alikuwa mwekundu, mwenye kifua kipana, na ukimwambia twende alikwenda. Hakuambiwa mara mbili. Mwingine alikuwa mweusi mwenye doa jeupe puani, tukamwita Karani. Enzi hizo makarani wa Kitui mjini walikuwa wakifunga dirisha saa ikifika, hata kama wewe umetembea siku mbili na umebakiza hatua moja. Basi huyu naye alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi anafanya kazi vizuri, hana matata. Ikifika saa nne, jua likianza kuuma mgongo, analala chini katikati ya mstari, na nira shingoni, anaanza kucheua. Ofisi imefungwa.

Huyu Karani nilimnunua Mwingi, kwenye mnada wa ng'ombe, na hapo ndipo nilipoanza kusoma shule yangu ya kweli. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja jirani yetu, Muthama, aliyejifunza plau kwa Mzungu mmoja mwenye mashamba upande wa Machakos. Mwembamba, mpole, na hajawahi kukimbia kwa sababu yoyote ninayoijua. Alikubali kunisindikiza Mwingi kuchagua maksai. Kumchagua kulichukua nusu siku. Kumleta nyumbani kulichukua siku tisa.

Siku tisa! Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya siku tano. Lakini Muthama alikuwa akitembea alfajiri mpaka saa nne, kisha anatafuta kivuli, anamfungua ng'ombe ajilishe, anavua viatu vyake vya matairi na kujinyoosha. Tunaondoka tena jua likiwa limelegea. Siku ya tatu tulipitwa na vijana wawili wanaoswaga maksai wanne, wanakwenda upande wetu, wanatucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mzee, wale watafika kesho kutwa," nikamwambia.

"Watafika," akasema, hata macho hakufungua. "Wewe unataka kufika, ama unataka kufika na ng'ombe?"

Tulipovuka Mto Athi tuliwakuta wale vijana wamekaa kando ya njia na maksai watatu. Wa nne sikuuliza alikuwa wapi. Muthama aliwasalimu vizuri sana, akawapa tumbaku, tukaendelea na safari.

Narukaruka, mnisamehe, ndivyo kichwa changu kinavyotembea sasa. Ngoja niwaambie habari ya mnyororo.

Wiki ya kwanza niliposhika plau nilidhani kulima ni nguvu. Nilikuwa naikandamiza ile mikono ya plau kwa uzito wangu wote, kwa maana nikilegea inaruka juu na kukwaruza udongo tu kama kuku. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Muthama alikuwa akipita njiani, ananiangalia, anasalimia, anakwenda. Siku ya saba akaingia shambani, akafungua mnyororo unaotoka kwenye nira kuja kwenye plau, akaongeza pete tatu, akafunga tena. Akaniambia nishike kwa vidole viwili. Plau ikazama yenyewe na kwenda.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ulikuwa na haraka," akasema. "Ungesikia na masikio gani?"

Tangu hapo nikajua: ukiona unatoka jasho kuliko ng'ombe wako, simama uangalie mnyororo. Mambo mengine aliyonifundisha ni haya ya mkono. Kabla ya kufunga nira, pitisha kiganja chini yake, pale inapokaa shingoni; kiganja kikirudi na manyoya, leo hapana kazi, paka mafuta ya kondoo umwache. Ng'ombe akinywa maji mengi, mpe muda kabla ya kumrudisha. Na usipige kelele. Muthama alikuwa akiongea na maksai wake kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi.

Lakini kuna jambo moja aliniambia mapema sana, nikalisikia, nikalipita. Aliniambia, "Usimwogope Karani. Karani akichoka atakuambia. Mwangalie Askari."

Mimi nilifikiri mzee amechanganyikiwa. Askari ana shida gani? Askari ndiye mfanyakazi. Na kusema kweli nilijiona mimi mwenyewe ni kama Askari. Nilipenda watu waseme hivyo.

Sasa lazima mjue jinsi nchi hii ilivyo. Kiangazi chetu ni kirefu. Mvua ya vuli inapokuja, Novemba, nyasi zimekwisha kitambo na ng'ombe amebaki mbavu. Siku ile kazi inapokuwa nyingi kuliko siku zote za mwaka ndiyo siku ng'ombe hana nguvu kuliko siku zote za mwaka. Nayo mvua yenyewe haina adabu. Inaweza kunyesha siku kumi ikaondoka bila kuaga. Mbegu ikichelewa wiki moja tu, mavuno yanakuwa ya kuhesabu kwa magunzi.

Kwa hiyo mtu asiye na ng'ombe alikuwa akija mapema, kabla ya mawingu, na mzigo wa chakula cha ng'ombe kichwani: mabua ya mahindi, maganda ya mbaazi, chochote alichoweka tangu mavuno. Anauweka kando ya zizi. Ukiupokea mzigo wake, umempa siku ya kulimiwa. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, mzigo ulitosha.

Mwaka huo nilikuwa nimemwoa Mumbua, huyu susu yenu, na nilitaka kijiji kizima kijue kwamba mimi Kimeu ni mwanamume. Wenye plau walikuwa wachache. Muthama alipokea mizigo minne, akasema basi, akawarudisha wengine kwa upole. Wale aliowarudisha wakaja kwangu. Nikapokea wote. Mizigo tisa, na shamba la mama, na letu. Kando ya zizi langu kulikuwa na kilima cha mabua, nami nilikuwa nikisimama kukitazama jioni kama mtu aliyejenga ghorofa.

Mumbua ndiye aliyekuwa akishika kamba. Kulima kwa ng'ombe kunataka watu wawili: mmoja nyuma ameshika plau, mmoja mbele anatembea na kamba iliyofungwa pembeni, anawaongoza maksai wafuate mstari. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Wala si kwamba sikujua. Nilijua, na nilifurahi, na nilimpa kamba.

Mvua ikapiga. Siku ya kwanza tulifungua nira saa sita. Siku ya pili tulifungua saa nane. Muthama alipita saa nne na maksai wake wanarudi nyumbani taratibu, akanipungia mkono, nikajifanya sijaona. Siku ya tatu Karani alilala chini saa yake ile ile. Nilimpiga. Nilimkunja mkia mpaka akainuka, na sijivunii kuandika hivyo. Akatembea mistari miwili, akalala tena. Siku ya tano hakuinuka kabisa, hata asubuhi. Nilimwita majina mabaya yote ninayoyajua, kisha nikaenda kwa jirani nikaazima dume changa ambalo halijawahi kuvaa nira vizuri, nikalifunga pamoja na Askari.

Wale mnaojua ng'ombe mmeshaelewa. Dume lile lilikuwa linavutwa, halivuti. Askari alikuwa anavuta plau na anamvuta mwenzake. Lakini mimi niliyekuwa nyuma niliona kazi inakwenda, nikamsifu. "Huyu ndiye ng'ombe!" nikapiga kelele. Mumbua aligeuka kidogo akanitazama, kisha akaendelea kutembea. Nilidhani na yeye anamsifu.

Jioni Askari alikuwa akirudi zizini na kulala moja kwa moja. Kile kilima cha mabua kilikuwa pale pale, hakikupungua. Ng'ombe halishwi kama unavyojaza gari mafuta; anahitaji saa za kung'oa na saa za kucheua, na mimi sikumwachia hizo saa. Watu wameleta chakula cha ng'ombe, ng'ombe yuko, chakula kiko, na ng'ombe anakufa njaa kando yake. Nilipita hapo kila siku na sikuona ajabu yoyote.

Siku ya sita, karibu saa saba mchana, tulikuwa shamba la sita. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali, ardhi inatoa mvuke. Niliona plau inasimama. Nikadhani ni jiwe. Nikasema twende. Askari akapiga magoti ya mbele, kama anataka kunywa maji mahali pasipo na maji. Nikasema twende tena. Akajaribu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alijaribu. Aliinua goti moja, akaanguka kwa ubavu, nira ikalikunja shingo lile dume changa likaanza kulia.

Tulikata kamba za nira. Nilikimbia kuchota maji mtoni. Niliporudi Muthama alikuwa ameshafika, amechuchumaa, ameshika sikio la Askari. Alichukua maji akamwagia kichwani na kwenye ulimi. Akafanya hivyo muda mrefu, bila pupa. Kisha akaweka ndoo chini.

"Leta kisu," akamwambia mwenye shamba. "Asiteseke."

Nilikaa kwenye udongo. Watu walikuja, kama wanavyokuja, na majani ya kuwekea nyama. Wale wenye mizigo yao zizini kwangu walikuwepo. Walinipa pole, na walikuwa wanasema kweli, na walibeba nyama. Mimi sikula. Ningemlaje ng'ombe aliyefundishwa na baba yangu, aliyepewa jina na yeye?

Muthama akaja akakaa karibu nami. Nilikuwa nangoja anigombeze. Ningependa angenigombeza.

"Kimeu," akasema, "uso wake uliuona mara ya mwisho lini?"

"Uso wa nani?"

"Wa Askari."

Nikafikiri. Ukweli ni kwamba sikuweza kukumbuka. Tangu mvua ianze nilikuwa nimeona mgongo, mkia na kwato.

"Mtu wa plau haoni uso," akasema. "Yeye anaona matako tu, na matako ya ng'ombe hayachoki. Uso anauona yule wa kamba. Ulimuuliza yule wa kamba?"

Ndipo nikageuka kumtafuta Mumbua. Alikuwa ameketi chini peke yake, mwisho wa mstari, miguu imenyooshwa mbele, jambo ambalo mke kijana hafanyi mbele ya wanaume. Kamba bado ilikuwa imezungushwa mkononi mwake. Hakuna aliyemwambia aiachilie. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na kiganja kilikuwa kimechanika mahali kamba ilipopita. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Na huyu," Muthama akauliza kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "amekunywa maji lini?"

Sikujua. Niliogopa, watoto wangu. Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Niliona nimekwisha kuua mmoja, na sasa nawaangalia wengine wawili.

Nilimfungua kamba mwenyewe. Nikampa maji kwenye kibuyu, akanywa yote. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe uchoke," akasema.

"Mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

"Asi," akasema, kwa ule mshangao wetu wa Kikamba. "Basi tungengoja mpaka lini?"

Muthama alitusindikiza nyumbani. Mlangoni akaniambia atanipa maksai mmoja wa kwake nimfunge na Karani nimalize kazi. Nikaanza kushukuru. Akainua mkono. "Siku ya nne," akasema. "Siku tatu sitaki kukuona shambani. Wala mke wako."

"Mzee, mvua haitaningoja."

"Mvua haikujui," akasema, akaenda zake.

Siku hizo tatu zilikuwa ngumu kuliko kulima. Ya kwanza nilizunguka boma kama mbwa aliyefungwa. Nilinoa kila kitu chenye makali, mpaka kisu cha kumenyea ndizi. Nilisikia mvua juu ya nyasi za paa na kila tone lilikuwa linanitukana. Mumbua alilala. Alilala asubuhi mpaka alasiri, nami nikaenda mlangoni mara kumi kuhakikisha anapumua. Siku ya pili nilipika. Nilipika isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, mara ya kwanza maishani, na nikaiunguza. Mumbua akala. Halafu akaweka bakuli chini akasema, "Imeungua."

Lilikuwa lalamiko lake la kwanza tangu tuoane. Nililifurahia kuliko sifa zote za kijiji.

Siku ya tatu niliketi zizini nikamtazama Karani. Alikuwa mbele ya kile kilima cha mabua, anang'oa, anatafuna, anang'oa, mbavu zimeanza kufunikwa. Niliketi hapo mpaka na mimi usingizi ukanichukua, mgongo kwenye mti wa zizi, mchana kweupe, katikati ya msimu wa kupanda. Nilipoamka hakuna kilichoharibika.

Ninyi mnataka kujua wale wenye mizigo waliobaki. Wawili walilimiwa na akina mama wa mwethya, lile kundi la wanawake wanaolima pamoja kwa majembe na nyimbo, kazi ya asubuhi moja. Wengine niliwalimia kuanzia siku ya nne, tunafungua saa nne kamili, na kwa kuwa Karani alikuwa ameshiba tulimaliza mapema kuliko nilivyodhani. Mjane mmoja, mama Kalunde, alichelewa kabisa na mahindi yake hayakuzaa vizuri. Hilo ni kosa langu, na mwaka ule tulikula naye ghala moja. Sitawadanganya kwamba kupumzika hakukumgharimu mtu kitu. Lakini aliyemgharimu mama Kalunde ni yule Kimeu aliyepokea mizigo tisa, siyo yule aliyelala zizini.

Tangu mwaka huo sheria ya nyumba yangu ilikuwa moja. Mtu wa plau hasemi mwisho wa kazi. Anayesema ni wa kamba. Mumbua alikuwa akitazama nyuso za ng'ombe, kisha ananyoosha shingo anatazama na yangu, na akisema "Fungua," tunafungua, hata kama umebaki mstari mmoja. Mara ngapi umebaki mstari mmoja! Niliumia sana mwanzoni. Ule mstari mmoja tuliukuta pale pale kesho yake, kila mara.

Mutua alizaliwa salama mvua ya masika, mzito, mwenye sauti. Huyo ndiye baba yako, Ndunge. Karani naye alilima miaka mingi na wenzake mbalimbali, akazeeka, akafa usingizini akiwa na tumbo kubwa. Hakuna siku hata moja aliyopita saa nne.

Sasa turudi kwenye ule mkeka. Kesho yake Ndunge aliamka anatafuta viatu. Simu yake ilikuwa inalia tangu alfajiri. Akasema lazima apande basi, kuna watu wanamngoja, wamekwisha kumpa kazi na yeye amekwisha kuipokea. Susu yake alikuwa ameketi mlangoni anachambua mbaazi. Macho yake siku hizi ni ya kupapasa, lakini alimwita mtoto karibu, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga.

"Hao wanaokungoja," akauliza, "wanauona huu uso?"

Ndunge akaiweka simu chini. Halafu akalia. Alilia kama mtoto, kichwa kwenye mapaja ya susu yake, mbaazi zikamwagika. Mumbua akamwambia neno moja tu: "Fungua." Ndunge alikaa nasi siku nne, na simu ilikaa ndani ya ghala, ndani ya kikapu cha mtama, na hakuna basi lililoacha kwenda Nairobi kwa sababu hiyo.

Nina mengine ya kuwaambia. Sijawaeleza jinsi ya kufundisha dume jipya, wala habari ya plau iliyovunjikia kule Kambu tukiwalimia watu wa harusi. Nimebakiza ukurasa mmoja tu. Lakini susu yenu ameingia, amekuja mpaka karibu sana, kwa sababu ya macho yake, ananitazama usoni. Ameshasema. Nafungua.